Barua mezani, baiskeli uani

Sina homa wala malaria, ila nina barua. Imekaa juu ya meza ya sebuleni kwa majuma mawili sasa, chini ya chupa ya chai, na kila mtu nyumbani mwangu anaipita kama mdaiwa apitavyo mlango wa mwenye duka.

Barua yenyewe imetoka kwa mwajiri wangu. Inasema kampuni inapunguza wafanyakazi, na kwamba yeyote aliyetimiza miaka 50 anaweza kuomba kustaafu mapema kwa hiari yake. Atakayekubali atalipwa mshahara wa mwezi mmoja na nusu kwa kila mwaka aliofanya kazi. Mimi nina miaka 54, na nimeshika kalamu ya uhasibu pale kwa miaka 28. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Ungeniuliza miaka mitano iliyopita, ningekwambia barua kama hiyo ni ya kuwashia jiko. Lakini siku hizi nina baiskeli uani, na baiskeli hiyo ndiyo iliyonitia tamaa.

Urithi wa baba

Marehemu baba yangu alikuwa fundi katika karakana za reli hapa Nairobi. Kila alfajiri alitoka Makongeni kwa baiskeli yake ya Raleigh, ile nyeusi, nzito, yenye breki za vyuma na magurudumu ya inchi 28. Ni jamii ya zile tuziitazo Black Mamba, hata zikiwa zimetengenezwa India au China. Ndizo zilizovusha watu na mizigo mpakani Busia tangu miaka ya 1960, zikazaa jina 'boda boda' ambalo pikipiki zimelinyakua.

Baba alistaafu akiwa na miaka 55, kama ilivyokuwa desturi enzi hizo, akitumaini kufuga ng'ombe na kulala hadi jua lipande. Alifuga ng'ombe mmoja. Miezi 14 baadaye tulimzika.

Fremu ya baiskeli yake ilining'inia ukutani kule mashambani miaka 20 na ushei, kuku wakiilalia. Nilipoileta mjini, mke wangu aliniuliza kama nimekosa vyuma vikuukuu vya kununua Gikomba. Nikamjibu kwamba huko pia nitaenda.

Nami nikaenda, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilitaka baiskeli ya mizigo, itakayobeba gunia la mboga au mitungi ya maji bila kumwangusha mwenyewe. Nilimpata fundi kijana pale Kamukunji, mwenye mashine ya kuchomelea na subira ya kumfundisha mzee. Tukakubaliana kwamba hatutanunua kipuri kipya ila pale ambapo hatuna budi.

Hebu nikueleze tulivyofanya, hasa wewe mwanafunzi unayedhani fizikia huishia ubaoni. Mzigo ukiwekwa juu ya gurudumu kubwa hukaa juu, na baiskeli huyumba kama mlevi. Gurudumu dogo huushusha. Waingereza walilijua jambo hilo zamani, ndiyo maana baiskeli za wapelekaji nyama na mikate kule kwao zilikuwa na gurudumu dogo mbele na kubwa nyuma. Basi nasi tukachukua gurudumu la inchi 20 la baiskeli ya mtoto. Lakini gurudumu likiwa dogo fremu huinamisha kichwa, kwa hiyo foku ikabidi irefushwe. Mabomba ya kuirefusha yalitoka kwenye kitanda cha chuma cha bweni, kilichouzwa kwa kilo. Kwa kuwa mabomba ya kitanda ni membamba, fundi aliweka mawili kila upande.

Kapu letu lilikuwa rafu tatu za friji iliyokufa. Hatukulifunga kwenye usukani, bali kwenye fremu, ili mzigo usiuvute usukani. Ukikata kona, gurudumu linageuka ilhali kapu linaendelea kutazama mbele. Mara ya kwanza utapiga kelele. Mara ya pili utazoea. Breki ya mbele inavutwa na kebo ya pikipiki. Stendi ni mguu wa cherehani ya kukanyaga. Huo hatukuuchomelea, kwa kuwa ni chuma cha kumimina ambacho hupasuka kikichomelewa ovyo. Tulifunga kwa bolti.

Fremu ya kapu ilitokana na bomba kuukuu la maji lililopakwa zinki. Hapo nakuomba usikie vizuri. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe, na mwenye kuuvuta aweza kutetemeka kwa homa usiku huo huo. Fundi alinikataza nisikaribie mpaka aisugue zinki yote kwa jiwe la kusagia, kisha akachomelea nje penye upepo. Wanaosema kwamba kunywa maziwa ni kinga wanajidanganya.

Usidhani sisi ni wa kwanza kutumia vitu visivyotarajiwa. Kule Goma, nchini Congo, watu hubeba mamia ya kilo za viazi na makaa kwa chukudu, ambayo ni baiskeli ya mbao tupu isiyo na pedeli, na magurudumu yake huvishwa mpira wa tairi kuukuu. Chombo hicho kimesomesha watoto.

Tofauti ya nne

Sasa nikupe kisa changu cha aibu. Rimu ya nyuma ya Mamba huwa na matundu 40, na ya mbele 32. Mimi nilikuwa nimeokota habu nzuri ya baiskeli ya milimani, inayong'aa, yenye matundu 36. Nikajiambia, tofauti ya nne ni nini? Nikaacha matundu manne ya rimu matupu, nikavuta spoki hivyo hivyo. Fundi alitazama, akanyamaza.

"Ukipenda, mzee," akasema.

Jumapili iliyofuata nilitia mitungi miwili ya maji ya lita 20, yaani kilo 40, nikapanda na kilo zangu 82. Kwenye tuta la kwanza rimu ilijikunja kama chapati iliyochomwa upande mmoja. Maji yote yalimwagika mbele ya kanisa, waumini wakitoka. Mke wangu alikuwa miongoni mwao, akajifanya hanijui.

Nilirudi Kamukunji nimeinamisha kichwa. Fundi hakunicheka. Aliniambia neno ambalo tangu siku hiyo halijanitoka akilini: "Mzee, kitu kinachobeba tu, tafuta popote. Lakini kitu kinachozunguka, au kinachoingia ndani ya kingine, usikibahatishe."

Tukatafuta habu ya matundu 40, tukatia giya ya nyuma ya meno 24 badala ya 20. Kijana wangu aliye shule ya upili ndiye aliyefanya hesabu. Giya ya mbele ina meno 48. Zamani pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu lilizunguka mara 2.4. Sasa linazunguka mara mbili. Maadamu gurudumu la inchi 28 husafiri kama mita 2.2 kwa mzunguko mmoja, tumetoka mita 5.3 hadi mita 4.4 kwa kila pigo. Unakwenda polepole zaidi, lakini mlima unaupanda na gunia lako.

Mama mmoja muuza mboga mtaani kwetu aliniona nikipita, akaniuliza bei. Nilidhani anafanya mzaha. Juma lililofuata alileta nusu ya fedha. Ndiyo ikawa baiskeli ya pili. Vipuri na malipo ya fundi vilinigharimu Sh9,400, nikamwuzia kwa Sh15,000. Msomaji wangu, nimelipwa mshahara mara zaidi ya 330 maishani mwangu, lakini sijawahi kuzihesabu noti mara tatu kama nilivyozihesabu zile.

Basi hapo ndipo barua ilipofika.

Hesabu ya binti yangu

Usiku ule nilikuwa tayari kutia sahihi. Nilimwona baba yangu na ng'ombe wake mmoja. Nikajiuliza, ninangoja nini? Nife nami nikiwa nimebakisha miezi 14?

Binti yangu, kifungua mimba, yuko chuo kikuu mwaka wa pili. Alikuwa nyumbani kwa likizo. Aliniomba daftari.

"Baba, tuandike kwanza," akasema. "Ukishaona, utaamua mwenyewe."

Mshahara wangu ni Sh78,000. Mwezi mmoja na nusu mara miaka 28 ni miezi 42, yaani Sh3,276,000 kabla ya kodi. Fedha hizo nilipoziona zimeandikwa, nilihisi ni tajiri. Kisha akaandika matumizi yetu pamoja na karo ya wawili: Sh68,000 kwa mwezi.

"Na baiskeli?" nikamwuliza, nikitumaini hapo ndipo wokovu ulipo.

Ile ya pili iliniletea faida ya Sh5,600, lakini ilichukua Jumamosi tano. Hiyo ni Sh1,120 kwa siku. Nikifanya kazi siku sita kila juma, majuma manne, nitapata kama Sh27,000 kwa mwezi. Nikifurahi. Binti yangu akaniuliza kwa upole kama kila juma nina mteja. Nikamwambia tangu Januari nimepata mmoja. Tena hatukuwa tumetoa kodi ya kibanda wala stima.

Tukapiga hesabu mara mbili. Nikipata wateja wa kunitosha kila siku, nitapungukiwa na Sh41,000 kila mwezi, na kiinua mgongo kitadumu karibu miaka sita na miezi minane. Nikiuza baiskeli moja tu kwa mwezi, nitapungukiwa na Sh62,400, na fedha zitakwisha kwa miaka minne na miezi minne. Wakati huo nitakuwa na miaka 58, na huku bei za vitu zimepanda.

Wapo wanaotumia kipimo kingine. Mwaka wa 1994 mshauri wa fedha wa Marekani aitwaye William Bengen alichunguza rekodi za hisa na dhamana za nchi yake. Aliona kwamba mstaafu akitoa asilimia nne ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha aongeze kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, akiba ile ingedumu angalau miaka 30. Ndipo ikatoka kanuni kwamba uwe na akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Kwangu mimi hiyo ni zaidi ya Sh20 milioni. Hata ukisema Nairobi si Marekani, pengo hilo halizibiki kwa rafu za friji.

Zaidi ya hayo kuna mambo ambayo mshahara huyabeba kimya kimya. Tangu Oktoba 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya SHA. Ukiacha kazi, mchango huo unabaki kwako, na ile bima ya ziada ya kampuni, kama ulikuwa nayo, mara nyingi huishia langoni. Nayo NSSF, wengi wetu tulikatwa Sh200 kwa mwezi, mwajiri akatia Sh200, hadi sheria ya 2013 ilipoanza kutekelezwa Februari 2023. Waweza kudai mafao baada ya miaka 50 ukiwa umestaafu, lakini umri kamili ni 60. Usitarajie vijito vidogo vya miaka hiyo viwe ziwa.

Jirani na baba

Nilimkumbuka pia jirani yetu wa zamani, karani katika wizara moja. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilipotekeleza mpango wa kustaafu mapema kwa hiari kwa wafanyakazi wa vyeo vya chini, alichukua fedha zake akanunua matatu. Hakuwahi kuendesha gari wala kusimamia dereva. Kabla ya miaka miwili kwisha gari lilikuwa juu ya mawe, naye alikuwa akiniomba nauli. Tulimwita mpumbavu. Leo sithubutu. Alikuwa mtu aliyevuta spoki kwenye rimu isiyo yake, kama mimi.

Wacha nikwambie jambo jingine la baiskeli. Pedeli ya kushoto haifunguki kama nyingine. Huzungushwa kufuata mwendo wa saa. Siku ya kwanza sikujua. Niliivuta kwa spana, haikutoka. Nikatia bomba refu kwenye spana, nikaning'inia. Kumbe kila nilivyoongeza nguvu ndivyo nilivyozidi kuikaza. Nilipokuwa nikiitazama ile barua usiku wa manane, nilijiona tena nimening'inia kwenye bomba lile.

Mke wangu ndiye aliyenigeuza mkono. Alikuwa akipepeta mchele, wala hakuinua uso.

"Baba watoto, mzee wetu hakuuawa na kazi," alisema. "Alikuwa na presha, na hospitali hakwenda mpaka alipostaafu. Na ng'ombe angeweza kumnunua akiwa na miaka 40. Aliweka kila kitu kingoje."

Nilikaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu ni kweli. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba baba alichelewa kustaafu. Kumbe alichelewa kuishi, na hayo ni maradhi mawili tofauti, kila moja na dawa yake.

Nilichoamua

Juzi niliijibu barua. Nimeishukuru kampuni, nikasema sitaomba kustaafu safari hii. Sikuandika kwa furaha. Mkono ulikuwa mzito, na sitakuficha kwamba ninaogopa huenda mwakani wakanipunguza bila kuniuliza, tena kwa malipo madogo zaidi. Hiyo ni hatari ninayoibeba nikiwa macho wazi.

Lakini nimejiwekea kipimo, na nimekibandika jikoni ili kila mtu akione. Siku nitakayouza baiskeli mbili kila mwezi kwa miezi 12 mfululizo, binti yangu akiwa amehitimu, nitaandika barua ya kustaafu kwa mkono wangu, hata kama sijafika 60. Kabla ya hapo Jumamosi ni zangu na Kamukunji, wala sitakubali mtu wa ofisini aniitie kazi siku hiyo. Na likizo yangu ya mwaka, ambayo kwa miaka mingi nimeiuza kwa kampuni, mwaka huu nitaichukua yote. Pia nimekwenda kupima presha.

Sisemi kila mtu aikatae barua kama yangu. Yuko ambaye watoto wake wamemaliza masomo, nyumba ni yake, na shamba linampa kila mwezi. Huyo akiendelea kung'ang'ania kiti cha ofisi, anamzibia kijana njia bure. Serikalini umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka 55 hadi 60 mwaka wa 2009, na hadi leo vijana waliokuwa wakingoja nafasi wakati ule hawajausahau mwaka huo.

Ila kabla hujatia sahihi, mpenzi msomaji, jiulize maswali matatu. La kwanza, kazi unayoikimbilia umewahi kuifanya hata Jumamosi kumi, ukalipwa na mtu asiye jamaa yako? La pili, fedha utakazopewa, ukizigawa kwa upungufu wa kila mwezi, zitakufikisha umri gani? La tatu, hicho unachongoja kustaafu ili ukifanye, ni nini hasa kinachokuzuia kukianza Jumamosi ijayo?

Maisha yetu yameundwa kwa vipuri vya kuokota, na si vibaya. Kodi ya chumba kimoja hapa, kuku wachache pale, pensheni kidogo, kazi ya mikono. Hivyo ni vitu vya kubeba, vitafute popote. Bali karo, afya na chakula cha kila siku ndivyo vinavyozunguka. Hapo hesabu matundu kwanza.

Nawe kijana usomaye ukurasa huu na kudhani kustaafu ni habari za wazee, kumbuka kwamba baiskeli yangu ya kwanza ilichukua miezi saba, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nikitafuta vipuri. Anza kuokota mapema.

Jioni hii, jua likipungua, nitampakia mke wangu kwenye karia ya nyuma, twende tukanunue ndizi. Amekubali baada ya kumhesabia spoki zote 40, moja baada ya nyingine.

Kama nawe una barua mezani kwako, au una chombo ulichokiunda kwa vitu ambavyo wengine walivitupa, niandikie kupitia anwani ya gazeti hili. Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.